Ngazi Tatu za Suneka: Je, Ni Sadaka au Ni Haki?

 Tumekusudia katika kurasa hizi kusimama juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku pasi na kuliona, kwa kuwa tunayo miguu ya kulipitia. Jambo lenyewe ni mlango wa hospitali. Twauliza: mtu aliyejengewa hospitali kwa mali yake na ya wenzake, kisha akawa hawezi kuingia ila kwa kubebwa, je, huyo amepewa hospitali au hakupewa? Na yule atakayemtengenezea njia ya kuingia, je, atakuwa amemtendea hisani, au atakuwa amemlipa deni lake?

Swali hili halikutujia kwa kusoma vitabu. Wenzetu wawili wa darasa letu, wafanyao biashara ya ndizi, walikwenda upande wa Kisii kutafuta mali, wakakaa siku kadhaa Suneka. Suneka ni mji mdogo ulio juu ya njia kuu itokayo Kisii kwenda Migori. Nchi ile ni ya vilima, udongo wake mwekundu, na mvua yake ni nyingi kuliko yetu. Watu wake wamesongamana: hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti nzima ya Kisii, nayo ni nchi isiyopita sana kilomita za mraba 1,300. Kwa hiyo shamba hupanda mpaka ubavuni mwa kilima, na nyumba nayo hufuata shamba. Kwa mwenye kutembea, kilima kile ni cha kuchosha tu. Kwa asiyeweza kutembea, siku ya mvua, kilima kile ni ukuta.

Hapo Suneka wenzetu walijuana na mzee mmoja, fundi wa viatu, ambaye miguu yake ilinyauka tangu utotoni kwa ugonjwa wa kupooza. Watu wa pale humwita omogaka, yaani mzee, kwa heshima, kwani ni mtu wa kauli moja na kazi yake ni safi. Siku moja mzee yule alishikwa na homa na kifua, na wenzetu wakamsindikiza katika nyumba moja ya matibabu ya upande ule. Jina lake hatulitaji, wala hatuna haja nalo, kwani lile waliloliona huko laweza kuonekana popote, hata mlangoni petu.

Kwanza ilitakikana pikipiki. Mwenye pikipiki alitaka nauli mbili, moja ya mzee na moja ya kiti chake cha magurudumu. Na mzee akafungwa kwa leso mgongoni mwa dereva, kama mtoto mchanga. Walipofika, mbele ya mlango palikuwa na ngazi tatu. Tatu tu. Vijana wawili walioketi pale waliinuka kwa wema wao wakamnyanyua, mmoja kwa makwapa na mmoja kwa magoti. Ndani, dirisha la kuandikisha majina lilikuwa juu, na karani hakumwona aliyekuwa chini yake, akawaandika wawili waliokuja nyuma. Kisha akaambiwa apande mizani, apimwe uzito. Mzee akaitazama mizani, na mizani ikamtazama. Mwisho tabibu alikisia uzito kwa macho, akaandika dawa juu ya makisio yale.

Wenzetu walipomletea maji ya kunywa, kwani homa ilikuwa imemkausha midomo, alikataa. Aliwaambia, "Vijana wangu, mimi siku ya hospitali sinywi maji." Wakamwuliza sababu. Akawaonyesha kwa kidevu mlango wa choo: mwembamba, una kizingiti, na ndani ni shimo la kuchutama. Mzee mwenye homa alijinyima maji tangu alfajiri ili asije akatambaa kwa mikono juu ya sakafu ya choo cha hospitali, mahali alipokwenda kutafuta afya.

Siku hiyohiyo waliona na jambo la pili. Palikuwa na mwanamke kiziwi, mja mzito, na pamoja naye binti yake wa miaka kama kumi. Hapakuwa na mtu wa hospitali ajuaye lugha ya ishara. Basi muuguzi alimwuliza mtoto, na mtoto akamwuliza mama yake kwa vidole, mambo ya tumbo la uzazi na ya damu, ambayo mwanamke hamwambii hata dada yake ila kwa kunong'ona. Mtoto aliona haya, akafupisha maneno. Mama aliona mtoto anafupisha, naye akainamisha kichwa. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichoweza, akaonyesha vidole vitatu kuwa dawa ni mara tatu kwa siku. Lakini hapana ajuaye ni maneno mangapi yalipotea njiani baina ya mama na muuguzi, wala kama moja katika hayo ndilo lililokuwa la kuokoa roho.

Haya ndiyo waliyotuletea wenzetu pamoja na ndizi zao. Tukayazungumza darasani siku mbili tatu, na tukaona wenyewe tumegawanyika. Twayaweka hapa maneno ya pande zote, ili msomaji naye apime.

Wa kwanza kusema alisema: Hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Amemwumba huyu na miguu, na yule bila ya miguu, wala hapana wa kumwuliza. Yatupasa sisi tuwahurumie na wao wasubiri.

Neno hili lina sura ya ucha Mungu, na kwa hivyo yafaa lijibiwe kwa uangalifu. Sisi hatukatai kadari. Lakini tumeangalie kwa makini kilichomzuia mzee yule. Mguu wake ni jambo la Mola. Ngazi tatu ni kazi ya fundi. Ngazi zile zilichorwa, zikahesabiwa mawe na saruji, zikalipiwa, na yuko aliyetia saini kuwa kazi imekwisha vizuri. Kizingiti cha choo hakikuteremka kutoka mbinguni. Basi mtu asichukue kosa la mkono wake akalitundika juu ya kadari. Mgonjwa amwambie Mola wake juu ya mguu, lakini juu ya ngazi atwambie sisi, kwani sisi ndio tuliozijenga.

Wa pili alisema: Mbona mnakuza jambo? Vijana wale si walimbeba? Watu wetu wana huruma. Palipo na huruma hapana haja ya mtelemko wa saruji.

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, maana hapa ndipo lilipo shina la swali. Hapana shaka vijana wale wana ujira wao, nasi hatuwapunguzii kitu. Lakini huruma ya mlangoni ina aibu tatu. Ya kwanza, haina ahadi: leo vijana wapo, kesho hawapo, na ugonjwa haungoji vijana. Ya pili, yamgharimu mwenye kubebwa kitu asichokuwa radhi kukitoa. Mtu mzima mwenye wajukuu kushikwa makwapa na magoti na watu asiowajua, mbele ya macho ya watu, si jambo dogo. Na akiwa ni mwanamke, je? Ndugu zetu, sisi tunaojinasibu na stara, tungependa mama zetu na dada zetu wanyanyuliwe hivyo na wapita njia kila mwezi wanapokwenda kliniki? Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko zote, ni kuwa huruma ile humfanya mwenye haki kuwa mwombaji. Mwenye miguu huingia hospitali akiwa bwana, akauliza, na asipotazamwa akalalamika. Huyu aliyebebwa huingia akiwa na deni la shukrani kwa kila mtu, na mwenye deni hana ulimi wa kulalamika. Ndiyo maana mzee yule alirukwa zamu mara mbili asiseme neno.

Kwa hivyo twasema kuwa kubebwa si kuingia. Aliyebebwa amefikishwa ndani, hakuingia.

Ama kuwa ni haki na wala si sadaka, tuchukue mfano wa kisima. Watu wa mtaa wamechanga, kila mmoja kwa kadiri yake, wakachimba kisima. Kisha wachimbaji wakakizungushia ukuta wa kimo cha mtu mrefu, wakaweka matundu juu kabisa. Warefu wakawa wateka maji, na wafupi wakawa wangoja kusaidiwa. Je, mrefu akimtekea mfupi ndoo moja, ametoa sadaka? Amempa kile kilichokuwa chake tangu awali! Sadaka huwa katika mali yako. Katika mali ya mwenzio hapana sadaka, pana kurejesha. Na hospitali ya umma ni kisima hicho. Fundi wa viatu wa Suneka hulipa kodi anunuapo sabuni na sukari na gundi ya viatu, kama alipavyo mwenye miguu miwili. Hapana duka linalompunguzia kodi kwa kuwa hatafika kwenye dirisha la hospitali.

Wa tatu alisema: Kubali ni haki. Lakini mali ni haba, na mkono mtupu haulambwi. Watu hawa ni wachache. Je, si bora fedha zinunue dawa za wengi?

Hili ni neno la watu wenye hesabu, na hesabu yataka hesabu. Katika ile hesabu ya Kenya ya mwaka 2019, walioandikwa kuwa na ulemavu ni asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi, nao ni kama watu laki tisa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lakisia kuwa duniani ni watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16, mtu mmoja katika kila sita. Tofauti hii ni kubwa. Baadhi yake yatokana na namna ya kuuliza, na mipaka ya kile kinachoitwa ulemavu. Lakini sisi tunaoijua miji yetu twajua na sababu nyingine: mwenye kuhesabu anapobisha hodi, yuko mtoto katika chumba cha ndani ambaye jina lake halitajwi. Wachache hawa, basi, huenda ni wengi tuliowafanya wachache.

Ripoti hiyohiyo yasema kuwa kuna watu wenye ulemavu wanaokufa mapema kwa miaka hata 20 kuliko wasio na ulemavu, na kwamba usafiri mgumu na wa ghali huwazuilia matibabu mara 15 zaidi. Haya si maneno ya raha na taabu. Ni maneno ya uhai na mauti, na mwenye kupima dawa za wengi na mlango wa wachache aviweke vyote viwili mizanini.

Tena, ni nani hao wengi? Mtelemko mbele ya mlango hupitiwa na mja mzito wa miezi tisa, na bibi kizee wa magoti mabovu, na aliyevunjika mguu juzi kwa pikipiki, na machela ya mgonjwa mahututi, na hata kigari cha chakula. Wajenzi wameweka kipimo chake: kila kipande kimoja cha kupanda juu kiwe na vipande 12 vya kwenda mbele. Ngazi tatu za Suneka, tukizikadiria kwa kimo cha nusu mita, zataka mtelemko wa mita 6. Saruji yake na kokoto yake ni kitu gani mbele ya gharama ya jengo zima? Na ingalikuwa ndogo zaidi lau ingaliwekwa tangu msingi, kwani kujenga mara moja ni rahisi kuliko kujenga, kubomoa na kujenga tena. Kulaza mizani ya jukwaa pana chini, ambayo kiti cha magurudumu hupanda; kuteremsha dirisha moja la karani; kupanua mlango wa choo mmoja ufike sentimita 90, na kutia vyuma vya kushikia; kuwa na kitanda kimoja cha kupimia kinachoshuka chini: hapana hata moja katika haya linaloishinda kaunti. Lililoshinda ni kuwa hapana aliyekumbuka.

Wala asiseme mtu kuwa sheria haijafika. Sheria imefika zamani. Ni sisi tuliochelewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, na katika kifungu cha 54 yampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na kuyafikia mahali pote na usafiri wa umma, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu. Kabla ya hapo, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilikwisha waambia wenye majengo ya umma wayarekebishe, ikawapa miaka 5 tangu sehemu hiyo ianze kutumika. Mwaka 2008 Kenya iliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hawa, ambao kifungu chake cha 25 ni cha afya. Na mwezi wa Mei 2025 ikatiwa saini sheria mpya kushika mahali pa ile ya 2003. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti ina wawakilishi wanaokuja kwetu kila baada ya miaka mitano kuomba kura. Basi yuko wa kuulizwa.

Tazameni ajabu mbili. Katiba imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa moja katika lugha tatu rasmi za Bunge. Mbunge kiziwi aweza kusema na kusikizwa katika jambo la bajeti. Mama kiziwi wa Suneka hawezi kusema jambo la tumbo lake ila kwa ulimi wa mtoto. Na ya pili: anayetaka kuandikwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ili apate msaada na nafuu zake, hutakiwa kwanza apimwe na madaktari katika hospitali zilizoteuliwa. Yaani asiyeweza kufika hospitali huambiwa: fika hospitali, ili tukuandikie cheti kuwa huwezi kufika.

Hapo mmoja wetu aliuliza: Je, haya si mambo mageni, yaliyoletwa na mikataba ya watu wa nje? Tukamjibu: Afadhali usome tarikhi yako. Sura ya Abasa ilishuka kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kuuliza jambo la dini yake wakati wakubwa wa Makka wako katika mazungumzo, akageuziwa uso. Na lawama ikateremka juu ya kule kugeuza uso. Hakikupotea kitu cha mali pale. Kilichopotea ni zamu ya mtu kusikilizwa, na hilo peke yake lilitosha kulaumiwa hata kwa mbora wa viumbe. Kisha kipofu huyo akawa mwadhini, na akaachiwa Madina asalishe watu Mtume alipotoka safarini. Hakuwekwa pembeni akapewa tonge. Alipewa kazi.

Wanatarikhi husimulia kuwa Khalifa Al-Walid bin Abdil-Malik, aliyetawala kutoka mwaka 705 hadi 715, aliwawekea vipofu watu wa kuwaongoza, na viwete watu wa kuwahudumia, kwa mali ya baitulmali. Twaomba msomaji ayashike maneno haya, kwa mali ya baitulmali, wala si kwa mfuko wa mpita njia. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Misri hospitali kubwa ya wakfu, ikapokea tajiri na maskini, wanaume mahali pao na wanawake mahali pao. Ama Ataa bin Abi Rabah, aliyekuwa mufti wa Makka, wasifu wake ni kuwa alikuwa mtu mweusi, chongo, kiguru, na mwisho akapofuka. Na watu walipokuja hija waliambiwa wamwulize yeye. Lau mlango wa elimu ungekuwa na ngazi tatu kama za Suneka, umma ungalipoteza nini?

Na ushahidi wa karibu tunao hapahapa Mombasa. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo wa Kenya kiliundwa mwaka 1958, na karakana za Bombolulu zikaanza mwaka 1969. Wangapi katika sisi tumenunua vitu vilivyofumwa na kuchongwa pale na mikono ya watu ambao tungewaona barabarani tungewatupia senti bila ya kuwatazama usoni?

Sasa, ndugu zetu, yatupasa tuseme neno lililo gumu kuliko yote, kwani kumlaumu aliye Kisii ni rahisi kwa aliye pwani. Sisi hukariri methali isemayo hujafa hujaumbika, na methali ni nzuri, humzuia mjinga asicheke. Lakini tuichunguze namna tunavyoitumia. Twasema: mtendee wema kiwete, kwani kesho huenda ukawa wewe. Basi wema wetu ni bima! Twajijengea nafsi zetu. Na je, yule tuliyekwisha hakikisha kuwa hatutakuwa kama yeye, aliyezaliwa kiziwi, nasi tumekwisha zaliwa twasikia, huyo hana haki kwetu? La. Haki yake haikusimama juu ya hofu yetu. Imesimama juu ya kuwa yeye ni binadamu, mwenye mwili unaouma kama wetu na siri zinazotakiwa kusitiriwa kama zetu. Hofu itutikise tuamke, si vibaya. Lakini nyumba ya haki isijengwe juu ya hofu.

Tena tutazame kwetu. Mgonjwa wa Pate asiyetembea, anayetakiwa kuletwa hospitali ya Lamu, hushushwa mashuani na kupandishwa gatini kwa mikono ya watu, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Katika Mji wa Kale, nyumba zetu zina ngazi za giza ambazo mzima huzipanda kwa kushika kamba. Misikiti yetu mingapi ina vidaraja mlangoni, na birika la kutawadhia ambalo kiwete hulitazama kwa mbali? Madrasa ngapi zina mwalimu ajuaye ishara za viziwi, au mtoto kiziwi hukua hajui hata jina la sala anayoisali? Na ni wazazi wangapi humpeleka mtoto wao kwa mganga mwaka baada ya mwaka, wakamlipa mbuzi na ubani, kwa kuwa wameambiwa amekaliwa na shetani, na wakati wa kumnyoosha mguu kwa gango ukapita? Tukiwa na haya nyumbani kwetu, tutaikabili kaunti kwa uso gani?

Kwa hivyo haya ndiyo tunayoyapendekeza, nayo si ya kungoja fedha za nje. Kwanza, kila mtaa uchague watu watatu, na mmoja wao awe mwenye ulemavu mwenyewe, waende katika hospitali yao na futi ya kupimia, wapime mlango, choo, dirisha na kitanda, wauandikie uongozi barua kwa heshima wakitaja vifungu tulivyovitaja, na wabaki na nakala. Pili, kijana mmoja wa kike na mmoja wa kiume katika kila madrasa wafunzwe lugha ya ishara, ili mama kiziwi apate wa kumtafsiria aliye mtu mzima na mwenye kuficha siri, mpaka hospitali itakapoajiri wake, kwani hiyo ni juu yake. Tatu, wenye magari na pikipiki katika jamaa zetu waache kutoza nauli ya kiti cha magurudumu. Kiti kile ni miguu ya mtu, na hapana atozaye nauli ya miguu. Nne, aliye na mtoto katika chumba cha ndani amtoe nje, aandikwe, atibiwe, asomeshwe.

Tumebakisha neno moja la kukiri. Mwenzetu aliporejea kutoka Suneka na kumaliza kisa chake, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Yule Mwalimu aliyekuwa akija na mikongojo, mbona hatumwoni tena?" Tukatazamana. Darasa letu, kwa miaka kadhaa, limekuwa likifanyika darini, na kupanda kwake ni ngazi kumi na saba. Tulizihesabu usiku ule kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuja miezi michache, akipanda kwa kukaa kitako ngazi moja baada ya moja baada ya sisi kwisha kupanda, ili tusimwone. Kisha akaacha. Sisi tulisema kuwa ameshughulika. Hapana hata mmoja aliyekwenda kumwuliza.

Tulikwenda siku ya pili, tukamwomba radhi. Hakutulaumu, akatwambia tu kuwa maswali yake ameyaandika katika daftari, akingoja siku ya kuyauliza. Tangu mwezi huo darasa letu hufanyika chini, katika ukumbi wa mbele, mlango ukiwa sawa na ardhi. Pana joto kidogo, na kelele za njiani huingia. Mwalimu huketi safu ya mbele, na katika wiki ya kwanza peke yake alituuliza maswali matatu ambayo hatujapata majibu yake mpaka leo.

Basi twawaachia ndugu zetu wapime wenyewe nani aliyemfanyia mwenzake hisani. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.